Mdunguaji wa Kitangari

Jumatatu, 6 Novemba 2023

Balaa. Balaa tupu, na limeletwa na redio.

Nilikuwa nyuma ya nyumba nachambua korosho, roho imetulia, sina ugomvi na mtu. Taarifa ya habari ikasema jeshi la nchi moja ya mbali linabishana: libadilishe bunduki kuukuu za wadunguaji wake au liendelee nazo? Nyingine zina umri mkubwa kuliko askari wanaozibeba. Nikasikiliza kama mtu anavyosikiliza habari za watu. Halafu yule binti mtangazaji wa redio ya Masasi, Witness, akasema mdahalo wao wa Jumamosi utakuwa juu ya jambo hilo hilo. Akasema msikilizaji mmoja wa Kitangari amempigia simu kumjulisha kuwa huku juu uwandani kuna mdunguaji mstaafu. Akataja jina. Sijaona Mujibu.

Mimi!

Msikilizaji huyo namjua. Ni Mwalimu Cuthbert, jirani yangu wa mbele, mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hata akienda shambani. Kila akinitambulisha kwa wageni huuliza ni mdunguaji gani anaitwa Sijaona. Hanipendi tangu siku nilipozamia harusi yake. Miaka ile hapakuwa na harusi yenye pilau kuanzia Newala mpaka Masasi nisiyoizamia, kadi sina, shati la kuazima. Wenye harusi wengine wote wamesahau. Yeye mpaka leo analikumbuka paja la kuku alilonikamata nalo.

Niweke jambo moja sawa, maana humu daftarini hakuna anayenisikia. Mimi sijasema uongo. Nilipotoka kambini, kijana wa jeshi la kujenga taifa, waliniuliza huko nilikuwa nani. Nikajibu, mdunguaji. Na nilikuwa mdunguaji kweli! Mkuu wa kambi alipenda maembe, na embe lililookotwa chini hakuligusa. Mimi ndiye niliyekuwa na jicho, na ngoe ndefu yenye kulabu nchani. Nilimdungulia asubuhi na jioni, na mwenyewe aliniita mdunguaji wangu. Sasa watu wa Kitangari wakisikia neno hilo wanaona bunduki yenye darubini, kosa ni langu? Ningewaeleza nini? Huku kwetu korosho hazidunguliwi. Huanguka zenyewe, zikaokotwa. Anayedungua ni mtoto mtundu au mwizi. Nilinyamaza tu. Kunyamaza si uongo.

Lakini Jumapili hii watu wa Lisekese wanakuja kumposa binti yangu Zuhra. Kijana ni Faridi, fundi pikipiki, mpole, hana neno. Tatizo ni baba yake, Salmini, sajenti mstaafu wa jeshi lenyewe. Mzee huyo alikubali posa haraka aliposikia baba wa binti alikuwa mdunguaji. Alisema anataka kuchanganya damu na askari mwenzake. Sasa nikivuliwa nguo redioni Jumamosi, Jumapili atakuja nani?

Chai imepoa. Sikuinywa.

Jumanne, 7 Novemba

Nimepata njia. Nimepoteza sauti.

Nimeamka nimeshika koo. Nikamwonyesha mke wangu kwa ishara kwamba sauti hakuna. Mama Zuhra akanitazama, akanitazama tena, akaenda kuchemsha tangawizi. Faida ya kwanza ikaja papo hapo. Mwalimu Cuthbert alikuwa anapita. Kwa kuwa amenizidi umri kidogo, kila siku ni lazima nimpe shikamoo, naye huitikia marahaba polepole, huku akiionja. Leo nikagusa koo, nikatikisa kichwa. Hakupata kitu! Akabaki amesimama na marahaba yake mdomoni. Kwa hilo peke yake ningekubali kuwa bubu mpaka Ramadhani.

Habari zikaenea. Mchana nikawa na wageni. Huyu na mizizi, yule na asali. Wote wakanisihi nipone kabla ya Jumamosi, kwa heshima ya Kitangari. Nikawaitikia kwa kichwa, kwa huzuni ya mtu mwenye mengi ya kusema.

Halafu mbuzi. Mbuzi wa nani sijui, kaingia uani, kapita mabibo yaliyojaa chini bila kuyatazama, kaenda moja kwa moja kwenye kanzu yangu ya Ijumaa iliyokuwa kambani. Akaanzia shingoni. Nikapiga kelele. Sauti ilitoka yote, ya afande kwenye gwaride. Mbuzi akakimbia na kifungo. Wageni wakapiga makofi, wakaisifu tangawizi. Mwalimu Cuthbert akasogea mpaka kwenye ua, akasimama, akasubiri.

Ikabidi nimpe shikamoo yake.

Jumatano, 8 Novemba

Mambo yamezidi. Witness kanipigia mwenyewe. Sauti tamu, habari mbaya. Amesema sitakuwa peke yangu, wamempata mtaalamu wa pili, askari wa miaka mingi, Sajenti mstaafu Salmini wa Lisekese. Akauliza kama namfahamu. Nikasema kidogo. Nikarudi nyuma, nikakalia ndoo. Ndoo ilikuwa na maji, na maji yenyewe ni ya kupanga foleni tangu alfajiri. Mama Zuhra amenieleza yote aliyokuwa ameyaweka moyoni tangu tuoane.

Basi ni lazima nisome. Abuu wa bodaboda akanipeleka Newala mjini, kwenye banda la video, ambako huonyesha filamu za vita zilizotafsiriwa. Picha ni za ugenini, na juu yake kuna sauti ya Mswahili anayesema lolote linalomjia. Mtu mzima humo nilikuwa mimi tu. Nikasikiliza kwa makini. Mtafsiri alisema darubini ya mdunguaji huona mpaka anachowaza adui. Nikalishika hilo. Alisema mdunguaji akishalala mavizioni hapumui mpaka kazi iishe. Hilo nikalishika kwa mashaka. Alisema kabla ya kufyatua hulamba kidole, akakiinua, akausikia upepo. Hapo nilifurahi, kwa sababu hata embe ni vivyo hivyo. Upepo ukivuma tawi hucheza, ukipiga unapata majani.

Nilitoka na matumaini. Yaliishia njiani. Salmini kaishi na bunduki ujana wake wote. Mimi bunduki niliyoishika ni ile ya mbao ya kufundishia kwata.

Alhamisi, 9 Novemba

Nimepata! Jibu moja la maswali yote ya duniani: hiyo ni siri ya jeshi.

Bunduki yako ilikuwa ya aina gani? Siri ya jeshi. Ulipiga kutoka umbali gani? Siri ya jeshi. Nani atabisha? Atakayebisha ni jasusi! Nilizunguka mkorosho nikicheka peke yangu.

Nikajizoeza nyumbani. Mama Zuhra akauliza ndoo ya pili iko wapi. Siri ya jeshi. Akauliza kama nimeshawapa shangazi zangu wa Makote habari ya posa. Nilikuwa sijawapa. Siri ya jeshi. Jioni nikaketi mkekani kusubiri chakula. Hakikuja. Nikauliza kimepikwa nini. Akajibu bila kugeuka kuwa hiyo ni siri ya jeshi. Nimeshiba ming'oko miwili ya baridi, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, niliyoikuta kwenye ungo, kama hiyo ndiyo kushiba.

Kumbe hata foleni ya maji inaujadili mdahalo huo. Mama Zuhra amenihadithia kwa furaha isiyo ya lazima. Wanawake wamesema kikuukuu kikianza kukosa shabaha kibadilishwe tu, na kama jeshi linaona haya kuanza, wao wataanza majumbani. Wamecheka mpaka zamu zikawapita. Mimi sikuona la kuchekesha.

Ijumaa, 10 Novemba

Nimesali, lakini sijui nimeomba nini. Nimevaa kanzu isiyo na kifungo.

Nje ya msikiti kila mtu ananishika mkono. Kila mtu kesho anawasha redio. Mzee mmoja ambaye hajanisalimu tangu ugomvi wa mpaka wa shamba amenikumbatia, akasema Kitangari haijawahi kusikika mpaka Masasi kwa jambo la maana. Imamu ameniombea shabaha ya ulimi. Nikaitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Alasiri Zuhra alikuja kutoka Newala, anakoshona nguo. Alinikuta nyuma ya nyumba nimelamba kidole nimekiinua juu. Akanipa shikamoo, akaketi kwenye gogo. Halafu akasema, na haya nayaandika kama alivyoyasema:

"Baba, kama kwenda hutaki, usiende. Ila usiende ukasema jambo ambalo si la kweli. Baba yake Faridi uongo hauwezi kabisa. Alishavunja posa ya dada yake Faridi, kwa sababu wale wakwe walisema wana ng'ombe na hawakuwa nao."

Nikamuuliza kama kijana anampenda kiasi hicho. Akainama, akawa anachora chini kwa kidole. Binti yangu huyu haogopi nyoka wala mtu, na leo ameshindwa kunitazama.

Naogopa. Kuchekwa siogopi, nimechekwa sana na nipo. Naogopa hiyo Jumapili: mkeka umetandikwa, Zuhra kavaa gauni aliloshona kwa mikono yake, na hapigi mtu hodi. Ningeweza kumwambia pale pale. Ukweli ulikuwa umeshafika kwenye meno. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, baba yake anajua anachofanya.

Jumamosi, 11 Novemba

Nimerudi nyumbani. Sijui kama bado ni kwangu.

Tuliondoka na Abuu mapema, tukashuka mteremko wa uwanda. Tulipoyaona majabali ya Masasi nilikuwa mwekundu wa vumbi mpaka kope. Studio yenyewe ni chumba kidogo, kuta zimebandikwa trei za mayai kuzuia mwangwi. Salmini alikuwa ameshafika. Mrefu, koti, bereti kichwani. Tukasimama tunatazamana. Nikangoja aanze yeye, naye akangoja nianze mimi. Nikapiga saluti. Akairudisha haraka mno, kama mtu aliyegutushwa usingizini. Mkono mwingine ulikuwa mfukoni umeshika kitu. Kikachungulia kidogo. Shaba! Mtu kaja na risasi kwenye mdahalo!

Akaniuliza kwa sauti ya chini nilikuwa natumia bunduki ya aina gani. Nikamjibu kuwa hiyo ni siri ya jeshi. Akashusha pumzi ndefu. Nikamuuliza yeye. Akasema na ya kwake ni siri ya jeshi. Nikajua leo nimekutana na mtu mzito.

Witness akawasha mitambo, akawaeleza wasikilizaji. Kuna wanaosema bunduki za zamani bado zinalenga vizuri na mkono uliozizoea haukosi. Kuna wanaosema vipuri vyake havipatikani tena, na adui hasubiri vipatikane. Mimi nikapewa upande wa kuendelea na za zamani. Salmini akapewa upande wa kubadilisha.

Nikaanza. Mdomo ukakimbia wenyewe. Nikasema chombo cha zamani mkono unakijua, unajua kilipopinda, na hicho kipya ni kirefu bure, kinanasa kwenye matawi. Nikasema jua liwe mgongoni. Nikasema jambo la kwanza kwa mdunguaji ni kutosimama chini ya anachokilenga. Witness akarudia, chini? Nikamwambia ndiyo, binti yangu, kitakuangukia usoni.

Salmini akawa anaitikia kwa kichwa, tena kwa heshima. Zamu yake ikafika. Akasema hapana, vya zamani vimechoka. Vinavuja pumzi. Asubuhi ya baridi mate yanajaa ndani, inabidi ukigeuze uyamwage mbele ya wakubwa. Ukikishika vibaya midomo inavimba. Na ni lazima ukisugue kwa kitambaa mpaka ujione sura. Witness akauliza, midomo? Salmini akasema hiyo ni siri ya jeshi. Nikaliweka akilini: kumbe bunduki za wakubwa hupulizwa! Mtafsiri wa banda la video hakulisema hilo.

Hapo kwa kweli nilianza kujisikia vizuri. Simu zikafunguliwa. Mtu wa Newala akasema tumemfumbua macho. Mtu wa Lisekese akauliza kama mdahalo ujao unaweza kuwa wa bei ya salfa, dawa ya mikorosho. Kisha ikaingia simu ya Makote. Mama mtu mzima, sauti imejaa kicheko. Akasema anaitwa Bi Ziada.

"Sijaona, si wewe yule mdunguaji wetu wa kambini? Mimi Ziada wa jikoni. Bado unadungua maembe, au macho yameshazeeka?"

Nilihisi uwanda mzima umenyamaza na redio zake, Makote, Kitangari, Newala. Nilimwona Mwalimu Cuthbert kabisa, huko aliko, akiongeza sauti ya redio kwa kidole kimoja. Nilimwona Zuhra. Witness akanigeukia, akaniuliza taratibu sana: maembe?

Nikasogelea kipaza sauti. Nikasema hiyo ni siri ya jeshi.

Witness alicheka mpaka akaangukia mitambo, ukapigwa wimbo. Salmini akasimama, uso umempauka, akatoka bila kuniaga, mkono mfukoni kwenye ile risasi yake. Njia nzima Abuu hakunisemesha, ila mabega yake yalikuwa yanatikisika, na barabara ya pale haina mashimo. Zuhra hajatoka chumbani. Mama Zuhra ameniwekea chakula kizuri. Afadhali angenisema.

Jumapili, 12 Novemba

Asubuhi tulitandika mkeka. Hakuna aliyeuliza kwa nini tunatandika. Tulitandika tu.

Mwalimu Cuthbert alirudi kanisani, akatoa kiti chake barazani, akakielekeza kwangu. Mkononi ana embe. Akalimenya kwa kisu taratibu, akawa anakula kipande kimoja kimoja huku ananitazama. Alipofika kwenye kokwa akaniita kwa upole.

"Sijaona," akasema, "kwetu huku kilichoiva huanguka chenyewe."

Nikamwambia shikamoo, Mwalimu.

Adhuhuri ikapita. Zuhra alikuwa amevaa lile gauni lake, la bluu, mishono imenyooka. Alitoka mlangoni, akatazama njia, akarudi. Akatoka tena. Mara ya mwisho hakutazama njia, alianza kuukunja mkeka kutoka pembeni. Moyo ulinikatika. Nikasema basi, naenda Lisekese kwa miguu, nampigia Salmini magoti, namwambia ngoe, namwambia maembe, namwambia yote. Nilikuwa nimevaa kiatu kimoja na natafuta cha pili nikasikia pikipiki.

Walikuja! Faridi, wajomba wawili, na Salmini na bereti yake. Vigelegele vikapigwa, mkeka ukakunjuliwa. Lakini Salmini hakuketi. Akaniomba faragha. Tukaenda nyuma ya nyumba kwenye mikorosho, mimi na kiatu changu kimoja. Akaingiza mkono mfukoni. Nikaisoma shahada kimoyomoyo.

Akatoa ile shaba. Haikuwa risasi. Ilikuwa kitu kama kikombe kidogo cha kahawa chenye mkia. Mdomo wa tarumbeta.

"Baba Zuhra," akasema, "mimi nilikuwa wa bendi. Tarumbeta, tangu naingia jeshini mpaka nastaafu. Lisekese hawajui, mwanangu hajui. Jana uliponiambia siri ya jeshi, nikajua umenitambua na unanisitiri."

Akaendelea kunieleza kwamba yule mama wa Makote alipotaja maembe, yeye alitoka haraka kwa makusudi. Anajua lugha za mafumbo, maembe ya jeshini si maembe. Hakutaka kusikia nilidungua maembe mangapi, na ya nchi gani.

Hapo ndipo hasira iliponipanda. Mtu mzima! Sajenti! Anadanganya mji mzima maisha yake yote, na anavunja posa ya binti yake kwa sababu ya ng'ombe wa watu! Nikamwambia kwa masikitiko kwamba katika ukoo wetu ukweli tunauthamini sana. Akainamisha kichwa. Akaniomba radhi. Aliniangalia kwa woga, kama mtu aliyesimama mbele ya mdunguaji. Ningeweza kumwambia wakati ule. Njia ilikuwa wazi kabisa. Lakini mzee alikuwa ameshapata mshtuko wa kutosha kwa siku moja. Nikamsamehe, nikamshika bega, nikanyamaza. Kunyamaza si uongo.

Posa imepokelewa. Zuhra alinivizia mlangoni akaniuliza kama nimemweleza. Nikamwambia tumeelewana, na kweli tumeelewana. Alinikumbatia, akalia begani kwangu, nami nikalia, kwa sababu zangu.

Wageni walipoondoka Mama Zuhra akaniambia yeye alijua tangu zamani. Siku nilipokwenda kumposa, niliutazama mwembe wa baba yake kabla sijamwamkia mzee mwenyewe. Akasema hajali, maembe ameyala na yalikuwa matamu. Ila nimwambie Salmini kabla ya harusi, kwa hiari, maana yakimwangukia Zuhra baadaye yatamuumiza yeye. Nimeahidi. Wiki hii hii.

Alhamisi, 16 Novemba

Watoto wa hapa wananiita Siri ya Jeshi. Hata Abuu ameandika hivyo nyuma ya pikipiki yake. Nimezoea.

Salmini ameleta salamu kuwa siku ya ndoa atakaa mbali kidogo na mimi, kwa heshima. Mama Zuhra ananikazia macho kila nikishika simu. Leo niliamua. Nimeketi nyuma ya nyumba, nimesafisha koo, nimeitafuta namba ya Lisekese. Maneno yote yalikuwa tayari: Baba Faridi, nami nina langu. Kidole kikiwa juu ya kitufe, simu ikaita.

Witness. Amesema mdahalo ule umependwa kuliko yote waliyowahi kurusha, watu bado wanapiga simu kuomba urudiwe. Sasa kuna nchi nyingine ya mbali, nayo inabishana kama ibadilishe nyambizi zake kuukuu, zile meli za kupita chini ya bahari. Jumamosi wanataka kulizungumzia. Shida ni moja: Masasi hatuna bahari, na wametafuta mzamiaji kila mahali hawajampata. Akauliza kama huku uwandani namfahamu hata mmoja.

Nikakumbuka ujana. Nikakumbuka lile shati la kuazima, masufuria ya pilau kuanzia Newala mpaka Masasi, na milango yote niliyopita bila kadi.

Nikamwambia amempata. Mimi ni mzamiaji wa siku nyingi, tena sijawahi kukamatwa ila mara moja. Na sikusema uongo. Asiyeamini amuulize Mwalimu Cuthbert.